Jina la Tatu

Mama yangu hajawahi kulitamka jina langu lote. Si kwamba hana mdomo. Mdomo anao, na ungegawanywa ungetosha nyumba tatu. Lakini akifika jina la tatu anasimama, kama lori lililokuta daraja limebebwa na maji. Shuleni kila mtoto ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Mimi ni Ikupa Asajile Ambindwile. Ambindwile ni babu yangu mzaa baba, na kwa Mama huyo ni baba mkwe.

Kwetu Masukulu, mwanamke aliyeolewa kwa heshima hamtazami baba mkwe wake, hali mbele yake, na jina lake halipiti kinywani. Tunaita kutila, yaani ule woga wa heshima. Watu wa Tukuyu mjini wameanza kulegeza. Utamkuta mtu na mkwewe wamekaa benchi moja kanisani wanaimba kitabu kimoja. Lakini mjini wana lami, wana mambo yao. Sisi kijijini, Babu akitokea njiani, Mama anaingia migombani, anachuchumaa, anampa mgongo na kujifunika khanga kichwani mpaka Babu akohoe mara mbili, kuonyesha kwamba amepita. Mvua inyeshe isinyeshe. Na Rungwe, kusema kweli, hilo la isinyeshe ni la wageni.

Hata maneno yanayokaribiana na jina lile alikuwa anayazunguka. Tarehe kumi na mbili Januari, kwa Mama, ni sikukuu ya Zanzibar. Pindo la khanga ni ncha. Miaka kumi na saba aliishi hivyo wala hakulalamika, na nyumba ya Babu iko hapo hapo, ng'ambo ya banda la ng'ombe.

Wakitaka kusemezana, simu yao ilikuwa mimi. Mama anasimama nyuma ya ukuta wa jiko, Babu yuko uani kwake, wanasikiana vizuri kabisa, na mimi katikati narudia kama kasuku. "Mwambie ndama ametoka." "Babu, ndama ametoka." "Mwambie nimeshamwona." "Mama, amemwona." Nikiwa mdogo nilidhani wote wawili masikio yao mabovu, nikawaonea huruma.

Mwaka tisini na nane, nikiwa kidato cha pili, ukaja mradi. Miaka ile miradi ilikuwa inaingia kama mitumba: robota linafunguliwa na hujui utakuta koti au soksi moja. Huu ulikuwa koti. Kila mama mwenye binti sekondari angepewa fedha kila muhula, kwa masharti. Binti asikose shule zaidi ya siku kumi katika muhula. Mama aje mwenyewe, apokee kwa mkono wake, mbele ya mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Inasemekana wenye mradi walikuwa wamechunguza huko kwao wakaona fedha ikipita mkononi mwa mama inakwenda shuleni moja kwa moja, na ikipita mkononi mwa baba inapitia kwingine kwanza kusalimia.

Ulipoitishwa mkutano wa kumchagua huyo mwenyekiti, jina la Babu lilitajwa na watu saba kwa mpigo. Alikuwa ameshika ufunguo wa ghala la ushirika miaka ishirini, tangu enzi za kahawa ya chama mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na mizani zao na ghala likabaki na harufu tu, na katika miaka yote hiyo halijapotea hata gunia tupu. Mikono yote ikanyooka. Mama naye alinyoosha wake, kutoka nyuma ya ghala alikokuwa amejificha mkwewe asimwone. Tukarudi nyumbani tumefurahi. Kijiji kizima tulikuwa tumemchagua mtu mwaminifu kuliko wote, na hakuna hata mmoja, pamoja na mimi niliyekuwa napata alama nzuri za hesabu, aliyekumbuka kwamba mmoja wa wale akina mama hawezi kumsogelea.

Kulikuwa na sharti dogo mwishoni mwa fomu. Mama akishindwa kuthibitishwa, baba ataandikwa badala yake. Hapo ndipo inabidi nimweleze baba yangu, Asajile.

Baba si mlevi. Angekuwa mlevi tungejua pa kumtafuta. Baba ni mtu wa mawazo. Biashara huria ilipotangazwa, yeye aliisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alifuga sungura, wakaisha kwa homa. Alinunua cherehani, sindano ikakatika na wenye kuuza sindano wako Mbeya. Mwaka tisini na sita akauza dume la Babu, akanunua friza la kutengeneza askrimu. Askrimu, Rungwe, ambako mwezi Juni tunaota moto mchana. Na umeme haukuwepo. Alikuwa amesikia tu kwamba nguzo zinakuja. Friza likawa ghala la mahindi, na nikiri kwamba panya hawajawahi kuingia. Baba ana moyo mzuri, anacheka na kila mtu, ila fedha mkononi mwake haikai hata kupoa.

Basi Jumatano moja ya mwezi Machi mkuu wa shule alitusimamisha paredi wote tusiolipa ada, akaturudisha nyumbani. Turudi na ada au tusirudi. Nikakokotoa njiani: mradi unataka niwe darasani ndipo ulipe, shule inataka nilipe ndipo niwe darasani, na kila siku ninayokaa nyumbani kupalilia inahesabiwa katika zile kumi. Nilimweleza Mama. Akasema malipo ni Ijumaa, siku tatu hazimuui mtu, chukua jembe.

Ijumaa tukaenda ghalani. Karani wa mradi alikuwa Bwana Hezron, kijana wa Bunda, mwenye shati jeupe ambalo udongo wetu ulilichukia tangu aliposhuka kwenye gari. Alikuwa na meza, rejista ya mahudhurio, kibweta cha wino wa dole gumba, na pembeni yake, juu ya kiti cha kuegemea, ameketi mwenyekiti wa kamati. Mama akafika mlangoni, akaiona kofia ya Babu, na kabla sijageuka alikuwa tayari migombani, mgongo nje, khanga kichwani.

Bwana Hezron akaita mara ya kwanza, ya pili. Nikasema yupo. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha mgomba.

Aliyeokoa hali ni Mama Ikram, Bi Hajira, anayeuza vitenge na raba buti gulioni. Binti yake Ikram tunakaa naye dawati moja. Yeye alikuwa ameshalipwa na angeweza kwenda zake, lakini Bi Hajira hawezi kuondoka mahali ambapo mambo hayajaisha. Akamfafanulia karani habari ya mkwe. Bwana Hezron akasikiliza vizuri, akasema hata kwao Bunda kuna adabu za wakwe, ila mwenyekiti lazima awemo ndani. Babu alinyanyua kiti chake, akakigeuza, akautazama ukuta.

Mama akaingia ubavu ubavu, khanga imeshuka mpaka puani.

"Taja jina kamili la mwanafunzi," akasema Bwana Hezron.

"Ikupa Asajile," akasema Mama.

"Na la tatu?"

"Analo."

"Najua analo, mama. Naliomba."

"Liko hapo kwenye karatasi yako."

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, mpaka nilipouona mkono wa Mama. Ulikuwa unaifunga ncha ya khanga fundo juu ya fundo.

Bwana Hezron hakucheka. Alieleza, tena kwa sauti ya chini asimwaibishe, kwamba katika kata nyingine mwanamke alikuwa amepokea fedha ya mtoto wa jirani, na tangu hapo wakubwa wameagiza kila mama ataje majina matatu ya binti yake kabla ya kulipwa. Bi Hajira akajitolea kulitaja yeye. Karani akamwambia akianza kukubali majina kutoka kwa majirani, kesho atakuwa anawalipa majirani. Akachukua kalamu, akaandika mbele ya jina langu: hajathibitishwa. Mama angerudi Ijumaa inayofuata. Ikishindikana tena, fomu ingehamia kwa baba.

Baba alipopata habari alijitahidi sana kusikitika. Nusu saa nzima alijitahidi. Kisha akaanza kuuliza, kama mtu anayeuliza tu, kamera ya picha za pasipoti Tukuyu inaweza kuwa bei gani, maana siku hizi kila fomu inataka picha. Akasema ada atailipa, bila shaka, kamera ikishaanza kuzalisha. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho, ila maganda yalianza kutoka manene.

Siku tatu zilikuwa zimekwishaliwa, na wiki ya kusubiri ingekula tano. Ningebaki na mbili. Ijumaa ikiharibika, hata Baba akilipwa wiki iliyofuata na muujiza ukatokea akapeleka ada siku hiyo hiyo, siku zangu zingekuwa zimepita kumi na mradi ungenifuta. Na nisipokwenda shule, wapo waliokuwa wameanza kuuliza nina umri gani.

Kwa hiyo nikamshauri Mama jambo la kitoto. Nikamwambia alitaje tu haraka haraka, kama mtu anayemeza klorokwini. Bi Hajira naye, aliyepita jioni kutujulia hali, alikuwa upande wangu. Alisema yeye baba mkwe wake anamwita kwa jina na ubini, na mzee anaitika, na bado wanaheshimiana.

"Wako ni wako, Mama Ikram," akasema Mama. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unafikiri namwogopa?"

Ndivyo nilivyofikiri.

Akanisimulia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, akafia hospitali ya Igogwe akiwa na wiki mbili. Aliporudi nyumbani maneno yakaanza kwa mashangazi, kwamba bibi harusi ameleta miguu mibaya. Asubuhi moja Babu aliwaita wanawe na dada zake uani, akasema kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jiko letu: migomba yote ya bondeni ni ya mke wa Asajile, na mwenye neno juu yake aanze kwanza kwenda kumpalilia. Hakuna aliyekwenda kupalilia. Maneno yakaisha siku hiyo.

"Alisema na ukuta," akasema Mama. "Lakini nyuma ya ukuta nilikuwa mimi. Mtu aliyenisitiri hivyo, leo nikamvue jina lake mbele ya watu, kwa sababu ya fedha?"

Bi Hajira, ambaye huwa na jibu la kila kitu, alifunga kilemba chake upya na kuaga.

Jumatano mchana mvua ilikuwa inapiga bati, Mama amekaa kibarazani anaandika orodha ya nyimbo za kwaya. Mama alimaliza darasa la saba kwao Matwebe enzi zile za kila mtoto shule, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa walimu wangu wawili ambao sitawataja. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaona kalamu imesimama. Akaitazama muda mrefu, kama kwamba imemwambia kitu.

"Nenda kwa babu yako," akasema. "Muulize, kuandika ni kutaja?"

Sikuuliza maswali. Nilijifunika gunia nikavuka.

Babu alikuwa bandani anamkatia ng'ombe shina la mgomba. Nikampa swali kama lilivyo. Aliendelea kukata. Kiswahili cha Babu hakina herufi R, na Z anazo chache anazitunza kwa dharura.

"Nani anauliza?"

"Yule."

"Anajua kuandika?"

"Anaandikia kwaya nzima, Babu."

Akakata vipande vingine viwili. Nikaanza kufikiri labda hakusikia.

"Wasee wetu hawakuacha neno juu ya kalamu," akasema. "Hawakuwa nayo." Kisha, bila kunitazama: "Yeye asipopokea, anapokea nani?"

"Baba."

Panga likatua chini. Babu akanyoosha mgongo, akatazama upande wa nyumba yetu, dirishani, ambako pembe moja nyeupe ya friza ilikuwa inaonekana vizuri. Alilitazama friza, akamtazama ng'ombe jike aliyebaki peke yake bandani, akalitazama friza tena. Nilidhani jibu limepatikana hapo hapo. Lakini Babu hakuwa mtu wa kujibu kwa hasira ya dume.

"Mwambie hivi, na usipunguse neno. Mimi sina shelia ya kalamu. Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Akiandika, ameandika yeye. Akiacha, ameacha yeye. Ila heshima aliyonipa naijua mwenyewe, wino hauwesi kuimalisa."

Njia ya kurudi ni hatua sitini, na katika hatua hizo sitini shetani alinisindikiza. Ningeweza kusema tu, Babu kasema ndiyo. Nani angejua? Lakini simu inayotunga maneno yake yenyewe haifai kuitwa simu. Nikafikisha yote, mpaka wino.

Mama alitaka nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo kaniachia mimi?"

"Kakuachia wewe."

Hakufurahi. Nilitegemea angefurahi, lakini alikaa kibarazani pale na kalamu mkononi mpaka mvua ikaisha, na ndizi zikaungua jikoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nadhani alikuwa hajazoea kuachiwa. Amezoea kukubaliwa na kukatazwa, vyote anavijua namna ya kuvishika. Hiki alikuwa anakigeuzageuza kutafuta pa kushikia.

Alhamisi nilimwuliza ameamua nini. Akanijibu kwamba maharage yana mawe.

Ijumaa ghala lilijaa kuliko wiki iliyopita. Walikuwepo waliokwishalipwa, walikuwepo wasio na binti, alikuwepo hata kinyozi na mkasi wake mkononi. Baba alikuwa amevaa viatu vya harusi na kubeba kadi ya kliniki yangu ndani ya mfuko wa nailoni, tayari. Alinikonyeza kwa upendo. Nikamkonyeza pia, ni baba yangu.

Bwana Hezron, safari hii na shati la kahawia, aliita jina la Mama. Mama alikuwa nyuma ya mgomba ule ule. Watu wakaanza kumtazama mwenyekiti.

Babu akakohoa. Akageuza kiti kama wiki iliyopita, akaketi, kisha akalivuta lile koti lake refu la mtumba, la jeshi la nchi gani sijui, akajifunika kichwa chote. Mwenyekiti wa kamati akawa gunia lenye viatu. Maishani mwangu sikuwahi kuona wala kusikia mzee wa kwetu akijifunika kumpisha mkwe. Njia ni ya mzee siku zote, na anayejificha ni mwanamke. Wazee wenzake wawili pale mlangoni waligeuza nyuso kama walioona kitu cha ndani. Hakuna aliyecheka. Hata kinyozi.

Mama akaingia. Alipita nyuma ya kile kiti bila kukunja mgongo, akasimama mezani.

"Jina kamili la mwanafunzi, mama," akasema Bwana Hezron, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba Mungu lisitokee tena lile la juzi.

"Naomba kalamu," akasema Mama.

"Kwanza jina, halafu utaweka dole gumba hapa kama wenzako."

"Nimeomba kalamu, mwanangu."

Akampa kalamu na kipande cha karatasi. Mama akainama. Ikupa, akaliandika upesi, kwa herufi zile za mviringo za darasa la saba. Asajile, upesi pia, labda upesi zaidi. Kisha mkono ukasimama. Mvua ndogo ilikuwa imeanza juu ya bati, na nikajikuta nahesabu siku zangu kwa vidole nyuma ya mgongo, nane, nane, kama kwamba zitapungua.

Mama akauinua mkono wa kushoto, akaziba mdomo wake barabara, kama mtu anayezuia kitu kisichuruzike. Na kwa mkono wa kulia akaandika. Herufi moja, akapumua puani. Herufi nyingine. Zilikuwa herufi kumi tu lakini aliziandika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipomaliza ya mwisho aliweka kalamu chini taratibu, ndipo akaondoa mkono mdomoni.

Bwana Hezron akaichukua karatasi, akailinganisha na rejista. Akairudia. Akajikuna shingo.

"Ni sahihi," akasema. "Lakini agizo linasema ataje."

Sauti ikatoka chini ya koti.

"Kijana. Selikali inataka kusikia, au inataka kujua?"

Bwana Hezron aliligeukia lile koti, akamtazama Mama, akaitazama karatasi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, na pengine hakuwa amewahi kuulizwa na koti.

"Kujua, mzee," akasema.

"Basi."

Akachukua kalamu, akakata neno la wiki iliyopita kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: amethibitishwa. Alipomsogezea Mama kibweta cha wino, Mama alikirudisha kwa kidole, akaweka sahihi. Ikupa mimi nilikuwa sijui kwamba Mama ana sahihi. Ilikuwa na mkia.

Akapokea. Kabla ya kuondoka akaomba arudishiwe kile kipande cha karatasi. Karani akamwambia kitakaa kwenye faili. Mama akafikiri kidogo, kisha akamwomba basi angalau akilaze kifudifudi, kisibaki kinatazamwa na kila mpitaji. Bwana Hezron akakilaza kifudifudi, na juu yake, kwa hiari yake mwenyewe, akaweka rejista.

Nje, Baba alitupokea na mfuko wake wa nailoni. Alimpa Mama hongera, na kwa kweli nilimtazama usoni, ilikuwa hongera ya kweli. Kamera ilikuwa imeshamtoka kama vitu vyote vinavyomtoka, bila kinyongo. Akajitolea kuibeba fedha, kwa sababu ya mvua. Mama akasema mvua haimdhuru. Tukashuka wote wawili, mimi na yeye, moja kwa moja mpaka shuleni, na Mama akasimama mbele ya mhasibu mpaka stakabadhi ikauke.

Kilichobaki hakikuwa kikubwa. Alininunulia raba buti gulioni, kwa bei ya Bi Hajira baada ya mabishano ya saa nzima waliyoyafurahia wote wawili. Na kingine akajilipia kiingilio katika kikundi cha akina mama wa maziwa, kile alichokuwa anasema kila mwaka kwamba atajiunga mwakani. Hakumwomba mtu ruhusa. Alitoa taarifa wakati wa kula, kama anayesema chumvi imeisha, na Baba akasema vizuri, akaomba aongezewe mboga.

Jumapili ile Babu alituma salamu. Nilisimama uani kwake, nyuma yangu ukuta wa jiko letu.

"Mwambie, ndaga."

"Mama, anasema ahsante."

"Ya nini?" ukuta ukauliza.

"Anauliza ya nini, Babu."

Babu alishaanza kuondoka. Alisema tu kwamba yule anajua.

Jumatatu niliamka mapema, nikavaa sare na buti mpya, nikakaa kwenye kizingiti cha jiko kufunga daftari zangu kwenye nailoni. Mama alikuwa anapuliza moto. Baba akaja akasimama mlangoni. Kwa kawaida Baba akija jikoni asubuhi ni kutangaza kitu kilichokwisha kununuliwa, na kazi yetu ni kukitafutia mahali pa kukiweka. Siku hiyo alisimama akisugua mikono.

"Mama Ikupa," akasema, "kuna jambo nimelifikiria. Naomba tushauriane kabla sijafanya lolote."

Mama akaacha kupuliza. Akamtazama, si kwa mshangao, ni kama mtu anayepima maziwa kwenye kikombe. Kisha akakisogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Nakusikiliza."

Baba akakaa, magoti yamefika kidevuni. Mimi nikagundua ghafla kwamba nailoni yangu haijafungwa vizuri, nikaifungua nianze upya, taratibu.

"Ikupa," akasema Mama bila kugeuka, "kengele."

Hivyo mpaka leo sijui jambo lenyewe lilikuwa nini. Nilikuwa nimebakiza siku mbili tu, nikakimbia.